Ngozi ya Nyumba ya Bwana Kioo

Kule Nyangoto ilikuwapo nyumba moja iliyopanda juu ya nyumba nyingine. Ndivyo watu walivyoieleza, na hakuna mhandisi aliyewahi kuieleza vizuri zaidi. Chini nyumba, juu nyumba, na katikati ngazi ya mbao ambayo wazee waliipanda kwa mikono na miguu na kuishuka kwa makalio, heshima zao zote wakiwa wameziacha kwenye kidato cha chini. Upande wa magharibi ilikuwa na madirisha ya vioo mengi kuliko macho ya baraza zima. Jua la jioni likiyapiga, watu wa ng'ambo ya mto Mara walisimama wakasema, "Nyangoto inaungua tena," kisha wakaendelea kukamua.

Mwenye nyumba alikuwa Mjerumani, mchimba dhahabu, aliyekuja na jina ambalo kila aliyejaribu kulitamka alijiuma ulimi. Wakamwita Bwana Kioo, yakaisha. Mtu mwenye akili akipata dhahabu hununua ng'ombe, huoa, ng'ombe wakaisha, akarudi shimoni. Huyu alianzia mwisho: alijenga nyumba ya mke kwanza, halafu akakaa akimngoja mke aje kwa meli kutoka kwao. Kila jioni aliketi roshani ya juu, karatasi mapajani, akiwatazama ng'ombe wa kijiji wakiteremka mtoni kunywa maji, akichora. Watu waliamini anahesabu kodi, na wajanja wakaanza kupitisha mifugo njia ya nyuma. Fundi wake, Singasinga mwenye kilemba cheupe, alijifungia katika chumba kikubwa cha chini msimu mzima akigonga na kukwangua. Alipomaliza alipanda lori akaenda zake Musoma, na hakuna aliyemwuliza alikuwa akigonga nini.

Mke hakuja. Ilikuja vita.

Siku hiyo Wajerumani wote walikuwa wamegeuka maadui kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Lori la polisi lilipofika, Bwana Kioo alimkabidhi funguo mlinzi wake, Mseti, mtu mrefu mwenye kigugumizi.

"Mseti, angalia nyumba. Nitarudi."

Akapanda lori. Hakuagiza zaidi, na kwa Mkurya hakuwa na haja ya kuagiza zaidi. Maana jambo hilo Mseti alilijua tangu hajaota meno. Mtu mwenye safari, au mwenye hofu ya wezi, humpa rafiki ng'ombe amtunzie. Maziwa ni ya mtunzaji. Samadi ni yake. Kuchinja ni mwiko. Ng'ombe akifa, lazima mtunzaji amwonyeshe mwenyewe ngozi, la sivyo ataitwa mwizi yeye na wajukuu zake. Na siku mwenye mali akirudi akamkuta ng'ombe wake mzima, humwachia mtunzaji ndama, ndiyo asante yake.

Jioni Mseti alimwambia mkewe, "Robi, tu-tumepewa ng'ombe."

Robi akaitazama ile nyumba kuanzia msingi mpaka bomba la moshi. "Ng'ombe gani huyu, baba watoto? Hata kulala halali."

"Wa Wazungu hulala wa-wamesimama."

Basi wakamtunza. Hawakulala ndani hata siku moja. Kibanda chao cha mviringo kilikuwa palepale langoni, wakatosheka nacho. Walichokunywa ni maziwa tu: maji ya mvua yaliyotoka kwenye mabati, kivuli cha roshani, na kule juu beseni refu jeupe la kuogea, lenye miguu kama ya simba, ambalo Robi aliona ni dhambi likae bure, akalowekea ulezi wa pombe. Pombe ya bafuni ikapata sifa mpaka Sirari.

Sakafu ya chumba kikubwa ilikuwa turubai. Turubai zito la lori, kutoka ukuta hadi ukuta, limepigwa misumari midogo pembeni, limekaza kama ngoma. Robi hakushangaa. Wazungu ni watu wa mahema. Kila bwana shauri wa serikali aliyepita Tarime alilala hemani. Kumbe hata wakijenga kwa mawe, hawatulii mpaka wawe na hema chini ya nyayo. Lakini sakafu ni sakafu, na mwanamke asiyeisiriba husemwa kisimani. Kwa hiyo kila juma alibeba samadi mbichi, akapiga magoti, akalisiriba lile turubai kwa kiganja, mviringo juu ya mviringo, tabaka juu ya tabaka, mpaka chumba cha Bwana Kioo kikanukia kama nyumba ya watu wenye adabu.

Mseti alikufa kwa homa, vita ikiwa imeshaisha. Robi alikuwa amezaa mabinti watupu, wote wameolewa mbali. Alivaa funguo shingoni, akaendelea kusiriba.

"Wewe umeolewa na nyumba," jirani yake Agustina alimcheka. "Mume hana mikono, hana miguu, na bado unampaka mafuta kila juma!"

"Heri yangu," Robi alisema. "Wako ana vyote, na bado hajakujengea choo."

Mwaka wa 1956 ndipo taabu ilipokuja, nayo ilikuja kwa viatu. Nikodemo Machage, karani wa baraza la mtemi, kijana pekee Nyangoto aliyevaa viatu vya kamba, alisimama langoni na kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura. Viatu vyako vinalia. Vina njaa?"

Nikodemo aliacha viatu vilie. Alieleza kwamba mtemi ameamua kujenga baraza jipya kando ya barabara, lenye chumba cha wazee, chumba cha mahabusu na chumba cha karani. Mabati, mbao na mawe yatatoka katika nyumba hii.

"Hiki chumba cha karani," Robi aliuliza, "ni cha karani gani?"

"Karani tu, mama. Karani yeyote."

"Mwenye viatu?"

Nikodemo alikohoa. "Mama, yule Mzungu harudi. Vita imeisha zamani. Amekufa."

"Kaburi umeliona?"

"Sijaliona."

"Basi hayupo tu. Kutokuwepo siyo kufa. Baba yako alipotelea Nairobi mpaka tukasahau sura yake, lakini kuna mtu alikuchinja wewe?"

Robi alicheka mpaka Nikodemo akaondoka, kisha akaketi kizingitini. Hakuogopa kuondoka. Kibanda ni kibanda, hata kwa binti yake angepewa kimoja. Alichoogopa ni lile neno. Mseti alikuwa amekufa akiwa na jina safi. Sasa Bwana Kioo angerudi, au mtoto wake, au hata mzimu wake, akute mahali pa ng'ombe pana majivu tu, na aseme: Mseti mwizi. Robi atamwonyesha nini?

Aliyemletea dawa ni mwalimu Stanslaus, aliyewahi kwenda Dar es Salaam mara moja, na tangu siku hiyo mazungumzo yake yote yalipitia huko, hata ya mahindi.

"Mama, tuombe iwe nyumba ya makumbusho. Dar es Salaam nimeiona moja."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Watu wanaingia, wanatazama vitu vya zamani, wanashangaa, kisha wanatoka bila kubeba kitu."

"Bila kubeba kitu?" Robi alimkazia macho. "Watu hawahawa wa kwetu?"

"Ndiyo maana huwa pana mlinzi mlangoni, mama."

Robi akafikiri sana. Kuingia siyo kuchinja. Kutazama siyo kuchinja. Ukimwacha mtu asimame amtazame ng'ombe wa rafiki yako mpaka macho yashibe, umempunguzia mwenyewe nini? Ni maziwa tu hayo. Akakubali.

Mtemi alikuwa mnene mwenye haki, na alipenda haki yake iende haraka. Akatamka: Alhamisi baraza zima litakaa ndani ya nyumba hiyo. "Nionyesheni kitu kimoja tu humo, kitu ambacho mtu atatoka Mugumu kwa miguu kuja kukitazama. Mkikosa, ni nyundo."

Basi Nyangoto nzima ikaingiwa na wazimu wa mambo ya kale. Kila aliyekuwa na takataka aligundua kuwa ni urithi. Agustina alileta kifuniko cha birika, akaapa kwamba birika lenyewe lilipigana vita ya Wajerumani. Mzee Waitara, ambaye ujanani alikuwa mwizi wa ng'ombe mashuhuri na uzeeni akawa mshauri wa maadili, alileta ngao yenye tundu, akasimulia mkuki uliotoboa, kisha mwanaye akakumbusha kwamba lile tundu lilitobolewa na panya.

Mtemi alipita akivitazama vyote. "Hivi ninavyo kwangu," alisema, "na vya kwangu ni vizima."

Stanslaus akampandisha juu. Mtemi alipanda kwa mikono na miguu, baraza zima likitazama kwa uangalifu upande mwingine. Akaonyeshwa roshani, akasema upepo upo hata mlimani, bure. Akaonyeshwa beseni lenye miguu ya simba.

"Katika beseni hili, Mtemi, mke wa Bwana Kioo angeoga!"

Mtemi aliinama akanusa. "Mbona alioga kwa pombe?"

Watu waliangua kicheko mpaka ngazi ikatetemeka.

"Na huyo mke, alikuja?"

"Hakuja, Mtemi."

"Basi tukumbuke nini? Mke asiyekuja?" Akashuka kwa makalio, polepole, akiheshimu kila kidato. Chini alijifuta, akaketi kwenye kigoda chake katikati ya chumba kikubwa, akasema bila hasira, kama mtu anayefunga mlango kwa sababu ya baridi tu: "Ivunjwe. Kesho."

Wanaume wenye mitalimbo walikuwa tayari nje. Nikodemo hakuwa mtu wa kusubiri kesho. Stanslaus aliinamisha kichwa. Agustina, yule mcheka watu, alijifuta pua kwa ncha ya kanga.

Ndipo Robi akasimama. Hakulia. Alitoa funguo shingoni akaziweka chini mbele ya mtemi.

"Mmesema, wazee. Lakini huyu ni ng'ombe wa kutunziwa. Alipewa Mseti, na Mseti hakuchinja. Sasa mnachinja ninyi. Sawa. Mimi nataka ngozi."

Vijana walicheka. Wazee hawakucheka. Waitara alitikisa kichwa taratibu, kwa kuwa sheria ya ng'ombe aliijua pande zote mbili, ya mwenye ng'ombe na ya mwizi.

"Ni haki yake," alisema. "Mwenyewe akija, huyu mama ataonyesha nini? Midomo?"

"Ngozi ya nyumba ni ipi?" mtemi akauliza.

Robi akatazama huku na huku. Mabati yangekwenda barazani. Mawe pia. "Hii," alisema, akionyesha chini. "Hii iliyotandazwa. Ndiyo niliyoipaka samadi miaka yote. Nitaikunja, nitaiweka, akija nitamwambia: haya, hii ndiyo ngozi, hatukumla kwa siri."

"Mpeni," mtemi akasema, akainuka kigodani.

Nikodemo akang'oa misumari ya kona ya kwanza kwa mtalimbo. Lile turubai lilikuwa limekuwa gumu na nene kama ngozi ya kiboko, kwa samadi ya miaka. Wanaume wakalishika upande mmoja, na kwa kuwa kila mmoja wao alishawahi kuchuna fahali, mikono ikajua kazi yenyewe: vuta, gonga kwa ngumi, vuta tena. Liliachia kwa sauti ileile. Vumbi likajaa chumbani, watu wakakohoa, wengine wakakimbilia nje. Ngozi ikaburutwa mpaka mlangoni.

Vumbi likatua.

Robi alidhani kwanza ni maji. Pale chini ya ngozi palikuwa na maji mekundu na ya manjano, yametulia, na jua la alasiri lililoingia kwa vile vioo vingi lilikuwa limelala juu yake lote. Akarudi nyuma asilowe. Halafu akaona maji yana pembe.

Walikuwa ng'ombe. Sakafu nzima ilikuwa ng'ombe. Singasinga alikuwa amewakata mmoja mmoja, mninga kwa wekundu, mvule kwa wa manjano, mpingo kwa weusi, na mti fulani mweupe kwa mabaka, akawaunga bila hata ufa wa kupitisha ukucha. Walitoka mlangoni, wakazunguka ukuta, wakateremka kwa msururu hadi katikati, ambako mto wa mbao nyeusi ulipinda kama Mara unavyopinda pale bondeni. Wengine walikuwa wameinama wanakunywa. Mmoja alikuwa amegeuza shingo kumlamba mwenzake. Ilikuwa jioni ya Nyangoto, ile ambayo kila mtu alikuwa ameiona kila siku ya maisha yake na hakuna aliyewahi kuitazama. Mtu mmoja, mgeni, akiwa na karatasi mapajani, aliiona ni nzuri kiasi cha kumtandikia mkewe acheze dansi juu yake. Kisha akaifunika, ili mguu wowote usiikanyage kabla ya miguu ya mkewe.

Waitara, ambaye aliongea mpaka usingizini, alifungua kinywa akakiacha hivyo hivyo. Mtemi alisimama na kigoda chake mkononi kama mtoto aliyekutwa na kitu cha wizi. Na Robi, aliyekuwa amesiriba samadi juu ya mifugo hii miaka yote asijue, alijitazama mikono: walikuwapo hapa muda wote, chini ya viganja vyake, wakinywa maji.

Kisha mzee mmoja nyuma akapiga mluzi. Mluzi mfupi, wa kupanda, ule wa kumwita ng'ombe mmoja tu. Akapiga magoti. "Huyu," alisema, akionyesha bila kugusa. "Huyu wa pembe zilizokutana. Alikufa mwaka wa sotoka. Ni wangu."

Hapo ndipo palipozuka fujo takatifu. Wazee wote walikuwa magotini wakitambaa kando ya ukuta, wakiita majina ya ng'ombe waliokufa, walioporwa, waliotolewa mahari. "Yule wa marehemu baba!" "Muongo, wa baba yako alikuwa na baka sikioni!" "Si hili hapa baka, kipofu wewe?" Mkurya husahau shangazi yake, lakini mabaka ya ng'ombe hafuti moyoni.

Waitara alikuwa amesimama mbele ya Nikodemo. "Machage, mwanangu," alisema polepole, "inua mguu."

Nikodemo akatazama chini. Kiatu chake kilikuwa mgongoni mwa ng'ombe jike wa rangi ya kanga, madoadoa meupe juu ya weusi, pembe moja imeangalia chini.

"Mama yako alikufa ungali kifuani. Huyu ndiye aliyekulea, namjua kwa madoa yake mpaka ya chini ya tumbo. Maziwa yako yote yalitoka hapo."

Nikodemo alikuwa amesikia habari za ng'ombe huyo maisha yake yote, na hakuwahi kumjua rangi. Aliinua mguu. Akabaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, hajui aushushe wapi. Kisha akainama, akafungua kamba, akavua viatu vyote viwili, akavishika kifuani.

"Waitara," mtemi akasema ghafla, "umejuaje madoa yake mpaka chini ya tumbo?"

Waitara akatazama dari. "Mambo ya kale, Mtemi," alisema. "Si ndiyo tumekuja kuyatazama?"

Kicheko kilichopasuka hapo kilikuwa na machozi ndani yake. Kilipotulia, mtemi akauliza nani atashika mtalimbo kwanza. Alimtazama karani wake.

"Nyasi ni nzuri, Mtemi," Nikodemo akasema. "Kwa baraza. Mvua ikinyesha hazipigi kelele."

Ndivyo nyumba ya Bwana Kioo ilivyopona, na baraza la Nyangoto likaezekwa nyasi, na chumba cha karani kikavuja mpaka karani akastaafu. Funguo zikarudi shingoni mwa Robi. Watu walikuja kwa miguu kutoka Mugumu, na wengine kutoka Sirari, wakiaga makwao kwamba wanakwenda kuwasalimu ng'ombe. Sheria ilikuwa moja: mwendo ni pembeni, kwenye ukanda mwembamba usio na ng'ombe, mgongo ukutani, kwa ubavu kama kaa, asikanyagwe mtu wala mnyama. Wakubwa wa serikali wenye vitambi walipata taabu sana. Na juu ya ukingo wa roshani lilitundikwa turubai lenye samadi yake, kavu, kubwa, tayari kuonyeshwa. Mtu akiuliza ni la nini, Robi alimjibu kwamba ni la mwenyewe, akija.

Kitu kimoja hakuwaambia watu. Siku ile ya kwanza, watu walipokwisha kuondoka, alizunguka chumba peke yake, na karibu kabisa na mlango, nyuma ya ng'ombe wa mwisho, akakuta tundu. Singasinga alikuwa amelikata akaliacha, pengine mti wake uliisha, pengine lori lilikuwa linamngoja. Lilikuwa na miguu minne mifupi na masikio makubwa. Lilikuwa la ndama.

Robi alilitazama mpaka jua likatoka vioo vyote. Bwana Kioo alikuwa amekwishamlipa, basi, kabla hata ya kumpa kazi. Alikwenda zizini kwa Agustina, akarudi na samadi mbichi kiganjani, akapiga magoti, akalijaza tundu lile taratibu, akalilainisha kwa kidole gumba mpaka likalingana na mbao.

Miezi kadhaa baadaye alifika bwana mmoja mtaalamu, mwenye kamera na miwani miwili. Alitambaa sakafu nzima akitaja miti yote kwa Kilatini, moja baada ya moja, mpaka mlangoni. Hapo akasimama. Akavaa miwani ya pili. Akagusa, akanusa, akauliza kwa unyenyekevu mkubwa huu ni mti gani, maana katika Afrika nzima hajapata kuuona.

"Huyo?" Robi akasema. "Huyo ni wangu."